Mgeni Asiyetaja Jina Lake

Kambi ya polisi ni mahali ambapo watu hawapandi miti. Sababu si uvivu, wala si kutojua faida ya kivuli. Sababu ni hesabu. Mwembe wa mbegu huweza kumngojesha aliyeupanda miaka mitano au zaidi kabla ya kumpa tunda la kwanza, ilhali askari hajui kama mwakani atalala chini ya paa lile lile. Barua ya uhamisho haiulizi kama maua yameanza kuchanua. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipita nyuma ya nyumba za askari utakuta mchicha, maharage na vitunguu, yaani mimea inayovunwa kabla barua haijafika. Miti utaiona kwa raia, ng'ambo ya uzio.

Ndiyo maana mche ulipochomoza wenyewe nyuma ya jiko la koplo mmoja, katika kambi isiyo mbali na Ziwa Viktoria upande wa Uganda, mkewe hakuung'oa. Ilikuwa Septemba 2016, mvua zilipokuwa ndiyo kwanza zimeanza. Koplo na jamaa yake walikuwa wamehamia hapo miezi mitatu tu, pamoja na binti wa miaka minne na mtoto wa kiume aliyekuwa bado mgongoni mwa mama yake. Walikuwa wamepewa yuniporti, kile kibanda cha mviringo cha bati ambacho askari wa Uganda wanakijua vyema: mchana tanuri, usiku barafu. Katika kituo walichotoka, mama huyo alikuwa ameacha bustani aliyoitunza kwa miaka minne, na kati ya vyote alivyoviacha, kilichomwuma zaidi ni mwembe uliokuwa umefika kimo cha bega lake. Hakuwa mtu wa kulia ovyo. Lakini alipouona mche ule, wenye majani membamba yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, aliuzungushia mawe matatu ili usikanyagwe na watoto, akawa anaumwagia maji ya kusuuzia vyombo.

Koplo aliuona baada ya juma moja.

"Mama watoto, huu ni mti gani?"

"Ni mti."

"Najua kuwa ni mti."

"Basi unauliza nini?"

Koplo akacheka, akaenda zamu. Kazi yake, kutwa kucha, ilikuwa kumwuliza kila apitaye langoni jina lake, atokako na aendako, na asiye na kitambulisho alimweka kando mpaka apatikane wa kumthibitisha. Mgeni huyu wa nyuma ya jiko akamwachia akae miaka mitatu bila kumwuliza la pili.

Kiangazi cha Juni 2017 kilikuwa kikali. Mchicha ulikauka, majani ya maharage yakawa makaratasi, hata nyasi za uwanja wa gwaride zikawa rangi ya udongo. Mti ule, ambao sasa ulimfika mtu kiunoni, haukudondosha hata jani moja la kuonekana. Ulisimama kijani kibichi kati ya bati na vumbi, na watu waliokuwa wakipita kwenda bombani wakaanza kusimama. Ni hapo ndipo majina yalipoanza kuja.

Wa kwanza alikuwa sajini mzee, aliyebakiza muda mfupi kustaafu, mwenyeji wa pande za Masaka. Yeye katika ujana wake alikuwa amewaona wapasuaji mbao wakifanya kazi katika misitu ya Sango Bay, karibu na mpaka wa Tanzania, ambako miti ya podo huota penye majimaji. Aliyapitisha majani kati ya vidole vyake, akatikisa kichwa kwa heshima. "Koplo, ulinde mti huu," alisema. "Huu ni musenene. Mbao zake ndizo za dari na za makabati ya wakubwa. Wewe hutaufaidi, lakini atakayekufuata atakuombea dua." Ni kweli kwamba majani ya podo ni membamba na marefu kama yale, na ni kweli kwamba podo haipukutishi majani. Sajini hakuwa mjinga. Alikuwa ameona mambo mawili yaliyo sawa, akaishia hapo.

Wa pili alikuwa mke wa konstebo mmoja, aliyezaliwa miteremkoni mwa Mlima Elgon. Kwake mti ule ulikuwa mzeituni mwitu, ambao kwao hukatwa mswaki, na moshi wa kuni zake hutumika kufukizia vibuyu vya maziwa. "Dada, Mungu amekukumbuka," alimwambia mke wa koplo, akakata kijiti hapo hapo, akakitafuna. Baada ya kitambo kidogo akakitema. Ulimi ulikuwa ukiwaka, kisha ukafa ganzi kama mtu aliyechomwa sindano ya jino. Alisukutua kwa maji mengi, akatoa uamuzi kwamba mzeituni wa nchi ya chini umeharibiwa na joto.

Wa tatu, kijana wa kutoka West Nile, alishauri mti ukatwe upesi kwa kuwa ni mkaratusi na utayanywa maji yote ya ardhini. Akafikicha jani ili awaoneshe ile harufu ya dawa ya kifua ambayo kila mtu anaijua. Jani halikunuka chochote. "Bado mchanga," akasema.

Na mke wa koplo je? Yeye hakusema sana. Alipovunja jani na kuona utomvu mweupe kama maziwa ukimtiririkia vidoleni, alisema moyoni kwamba embe changa nalo hutoa utomvu. Kiganja kilimwasha mpaka jioni, naye akasema kwamba utomvu wa embe nao huwasha. Aliutaka uwe mwembe. Yule aliyemwacha nyuma, shingo yake ikiwa imefika begani, alikuwa amemfuata.

Kulikuwa na shahidi mmoja zaidi, ambaye ushahidi wake ulikuwa bora kuliko wa wote, ila hakuna aliyeuandika. Katika kambi ile aliishi mbuzi dume wa mpishi, mwizi aliyejulikana na kila nyumba, ambaye aliwahi kuula ukosi wa shati la kazi kambani. Alikula maganda, magunia, maua ya jirani na daftari la shule. Kila asubuhi alipita kando ya mti ule wenye majani mabichi kuliko yote kambini, akaunusa, akaenda zake.

Mwishoni mwa 2018 mti ulichanua. Maua yalikuwa ya manjano, mfano wa tarumbeta, petali zake tano zikiwa zimejipinda mmoja juu ya mwenziwe kana kwamba ua limekataa kufunguka lote. Yalikuwa mazuri. Hapo ilipasa hukumu zote zibatilishwe, maana podo haitoi ua la namna hiyo. Ua la mzeituni ni jeupe na dogo kama punje. La mkaratusi ni kama brashi. Na la mwembe hutoka kwa vishada vya vijiua visivyohesabika. Lakini binadamu akishakipa kitu jina, huona taabu kulirudisha. Sajini alisema huenda ni musenene wa aina nyingine. Mke wa konstebo alisema ni joto lile lile. Mke wa koplo alichuma maua mawili, akayatia katika glasi juu ya meza, na kwa siku mbili yuniporti ikawa nyumba.

Kisha yakaja matunda. Yalikuwa ya kijani, yenye kung'aa, makubwa kidogo kuliko limau dogo la kienyeji, nayo hayakuwa mviringo kamili bali yenye pembe kama kifurushi kilichofungwa vibaya. Yakiiva yaliingia weusi na kuanguka. Ndani, chini ya nyama laini, mlikuwa na kokwa gumu la pembe tatu. Watu wazima waliyapiga teke. Watoto waliyaokota.

Jumamosi moja ya Julai 2019, koplo akiwa zamu, watoto watano walikaa nyuma ya jiko wakicheza. Waliyapasua makokwa mawili au matatu kwa jiwe ili waone kilichomo. Kilichomo ni mbegu nyeupe bapa, na mtoto yeyote aliyewahi kumenya karanga angezidhania ni ndugu zake. Wakubwa walionja, wakaona uchungu, wakatema. Mdogo wao, mwana wa koplo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu, alitaka kuonesha kwamba yeye si mdogo. Akameza.

Jioni alianza kutapika. Mama yake alidhani ni chakula cha mchana, kisha akadhani ni malaria, kwa maana malaria ndiyo jibu la kwanza la kila mama katika nchi zetu, na mara nyingi ni jibu sahihi. Lakini mwili haukuwa wa moto. Ulikuwa baridi na wenye jasho. Mtoto alilalamika mdomo, akitoka udende, kisha akaacha kulalamika, na kunyamaza huko ndiko kulikomtisha mama kuliko kutapika. Binti yake mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, hatoki wala haingii. Watoto wa askari wanajua maana ya kuhojiwa. Mama hakumhoji. Alipiga magoti akamshika mabega, akasema, "Sitakupiga. Niambie tu." Ndipo akaambiwa.

Sajini mzee ndiye aliyetafuta bodaboda, akapanda nyuma ya mama akiwa bado na kandambili. Koplo aliwakuta hospitalini.

Tabibu wa zamu alimshika mtoto mkono, akatazama saa, akatazama tena kana kwamba saa imesimama. Moyo ulikuwa ukipiga hamsini na kitu kwa dakika, ilhali moyo wa mtoto wa umri ule hupiga karibu mia. Na hata hayo machache hayakuja kwa mpangilio.

"Amekula nini?"

"Tunda, daktari."

"La mti gani?"

Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Mti ulikuwa umeishi nao miaka mitatu. Ulinyweshwa kwa maji yao, ukachumwa maua yake, ukajadiliwa na watu wa makabila manne. Mama alisema hajui. Sajini alisema kwamba wengine husema ni musenene, na kwamba wapo wanaosema mzeituni, na kijana mmoja mkaratusi. Tabibu aliweka kalamu chini. "Mzee," alisema kwa upole, "hakuna hata mmoja kati ya hiyo ambao ungemfanya mtoto hivi. Naomba jina moja, au nileteeni tawi. Lenye jani, lenye ua, lenye tunda. Upesi."

Koplo alirudi kambini kwa pikipiki ileile. Wale walioishi naye husema hawajawahi kumwona akikimbia hivyo, hata siku ya ukaguzi. Alipokuwa njiani, binti yake, ambaye hakuna aliyemwachia nyumbani na hakuna aliyekumbuka kumfukuza, alivuta koti la tabibu.

"Ni mti wa kete," akasema.

"Mti wa nini, mwanangu?"

"Wa kete. Za mweso. Ule ule wa kwa Afande Mkubwa."

Mweso, kwa msomaji wa mbali, ni lile bao la Uganda lenye mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne. Watoto wa kambi walikuwa na lao, walilolichimba ardhini chini ya tangi la maji, na kete zao zilikuwa makokwa haya haya, meusi na laini kwa kushikwashikwa. Waliyapata wapi? Kwenye ua linalozunguka nyumba ya mkubwa wa kituo, upande wa nyuma unaotazama korongo, ambako mkasi wa mtunza bustani ulikuwa haufiki na matawi yalikuwa yameachwa yakue, yachanue na kuzaa. Upande wa mbele, ambako koplo mwenyewe alikuwa akisimama lindo mara mbili kwa juma, ua lilikatwa likawa kama ukuta, halikuwa na ua wala tunda, na hakuna mtu mzima aliyeliona kuwa ni mti. Watoto walikuwa wanajua tangu mwanzo. Walijua kwamba mti wa nyuma ya jiko na ua la Afande Mkubwa ni mmoja. Wangelisema, lakini katika miaka mitatu ya mabishano hakuna aliyewauliza.

Tawi lilipofika, tabibu hakuhitaji kuligeuza mara mbili. Alivunja jani, maziwa yakatoka, akachungulia ua na tunda, akasema kwamba sumu ya mti huo huushika moyo. Mtoto alipewa mkaa wa dawa, ule unaonyonya sumu tumboni, na sindano ya kuuharakisha moyo, kisha akapelekwa usiku ule ule katika hospitali kubwa yenye mashine ya kuuangalia moyo saa zote. Alikaa huko siku nne. Siku ya pili moyo uliruka ruka tena, na mama akadhani ndiyo basi. Siku ya tatu mtoto aliomba chai. Wale wengine wanne, waliotema, walichunguzwa nao wakarudishwa nyumbani.

Jumatatu iliyofuata koplo alivaa sare, akalifunga tawi jingine katika gazeti, akaenda kwa afisa misitu wa wilaya. Hakuna aliyemtuma. Alisema tu kwamba anataka jina la kuandika.

Afisa alimpa jina, tena mawili. Wataalamu sasa huuita Cascabela thevetia, na vitabu vya zamani huuita Thevetia peruviana. Thevetia ni kwa heshima ya André Thevet, mtawa wa Kifaransa aliyesafiri na kuandika juu ya Amerika katika karne ya 16. Na peruviana ni kana kwamba umetoka Peru, jambo ambalo si sahihi, kwa maana asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Kwa hiyo, koplo aliposikia kwamba hata wenye elimu waliuandikia mti huu mahali pasipo pake, alipumua kidogo. Uliletwa katika nchi za joto za dunia nzima kwa sababu ya uzuri wa maua yake, na kwa sababu hauulizi maji mengi, haupukutishi majani, na ng'ombe na mbuzi hawauli. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyoufanya upendwe kwa ua. Ndiyo pia iliyopasa kuwafikirisha watu.

Kisha afisa akamwonesha namna ya kuhoji mti, na maelezo yake yafaa yaandikwe kama alivyoyatoa. Usianze na umbo, alisema, kwa maana kila mche ni mwembamba na kila jani jembamba lina nduguze mia. Anza kwa kuvunja jani. Likitoa maziwa, musenene umekwisha kutoka katika orodha, na mzeituni pia, na mkaratusi pia. Kwa pigo moja umewaachia watatu. Tena, lifikiche ulinuse: mkaratusi hujitaja wenyewe, na jani la mwembe nalo lina harufu yake. Tazama majani yameshikaje kijiti. Ya mzeituni hukaa mawili mawili yakikabiliana, ilhali haya huzunguka kijiti moja moja, kama ngazi ya mnara. Ngojea ua. Ngojea tunda. Na kabla hujalijua, usionje, usitafune, usichemshe dawa, wala usimwachie mtoto. Maziwa hayo si lazima yawe sumu, kwani ipo mimea mingi ya maziwa isiyodhuru. Lakini ni sababu tosha ya kunawa mikono na kuuliza.

"Mti huu," aliendelea, "una sumu mahali pote: jani, gome, ua, utomvu, na zaidi ya yote mbegu. Mbegu chache tu zaweza kumwua mtoto." Jani likikauka sumu haiondoki. Madaktari wa Sri Lanka, ambako hospitali hupokea maelfu ya wagonjwa wa sumu hii kila mwaka, ndio waliochunguza sana tiba yake, na yale wanayoyafanya hayawezi kufanywa nyumbani. Kwa hiyo aliyekula asipewe maziwa wala maji ya chumvi wala kidole kooni, bali apelekwe hospitali upesi, na anayempeleka achukue tawi mkononi. Hata kama mgonjwa anaonekana mzima, moyo huweza kugeuka baada ya saa nyingi.

Koplo aliyaandika yote katika daftari lake la kazi, kwa tarehe na saa, kama anavyoandika maelezo ya shahidi.

Lilibaki jambo la ua la Afande Mkubwa, na askari yeyote anayesoma haya anajua kwamba hilo halikuwa jambo dogo. Koplo haendi kwa mkubwa wake kumwambia kwamba ua lake ni sumu. Alikaa siku mbili akitafuta maneno. Mkewe akamwuliza kama angetafuta maneno hayo siku mbili iwapo mtoto angekuwa kaburini, naye akavaa buti. Alisimama wima, akapiga saluti, akaeleza. Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu kwamba ua hilo lilikuwapo kabla yake na kabla ya wote waliomtangulia, na kwamba hakuna aliyewahi kudhurika. Kisha akanyamaza. Alikuwa na wajukuu waliokuja kila likizo. Akatoka nje pamoja na koplo, wakalizunguka ua mpaka upande wa korongo, na hapo chini ya matawi wakakuta makokwa yamelala mengi kama risasi zilizotumika. Mkubwa aliinama mwenyewe kuyaokota. Upande ule wote ulikatwa juma lile. Wa mbele uliachwa, kwa amri kwamba usiachwe uchanue, na huenda hiyo ni nusu ya kazi tu; lakini miji yetu imejaa nyua za mti huu, na si rahisi kusema zote zing'olewe kesho. Rahisi ni kusema watu wazijue.

Mti wa nyuma ya jiko aliukata mama mwenyewe. Koplo alitaka kumsaidia, akakataa. Alivaa shati la mikono mirefu la mumewe, akafunga leso usoni ili utomvu usimrukie machoni, akaukata kwa panga matawi kwanza, shina baadaye. Hakuzitumia kuni zake. Alichimba shimo refu akavizika vyote pamoja, majani, maua na matunda, na kisiki akakichimbua kwa jembe kwa siku mbili. Mke wa konstebo alikuja kumshika mkono, akasimama pale kando akiukumbuka ulimi wake. Wakati wa kazi hiyo yote mama hakusema neno, ila alipomaliza alisema kwamba katika kiangazi kilichobaki hatakuwa na cha kutazama.

Jioni hiyo koplo aliwakusanya watoto wote wa kambi chini ya tangi la maji, akawaambia walete kete zao. Hakuwagombeza. Aliwaletea badala yake mfuko wa kokoto laini alizozinunua kwa wachimba mchanga. Watoto walizitoa kete za zamani kwa huzuni, wakazimimina katika kopo la rangi, naye akakaa akazihesabu kama mtu anayehesabu risasi baada ya lindo. Mweso unataka sitini na nne. Zilikuwa sitini na moja.

Alihesabu tena. Sitini na moja.

"Nyingine zilipotea," binti yake akasema. "Hupotea kila mara. Tunaenda kuokota nyingine."

Ndipo koplo alipoelewa mgeni wake alifikaje nyuma ya jiko, miaka mitatu iliyopita, pasipo mtu kumpanda. Alichukua tochi. Majirani walimwona usiku ule akitambaa kwa magoti kutoka tangini hadi nyuma ya nyumba, na sajini mzee, aliyekuwa hajasema lolote tangu hospitalini, akatoka na tochi yake akatambaa upande wa pili. Moja waliipata katika mfereji. Ya pili ilikuwa chini ya jiwe la kuanikia nguo. Ya tatu hawakuipata, usiku ule wala siku zilizofuata, ijapokuwa watoto wote waliahidiwa shilingi elfu mbili kwa atakayeileta.

Ilionekana Septemba, mvua zilipoanza. Mama alikuwa akimwaga maji ya vyombo, akaiona karibu na mlango wa yuniporti, imekwisha kupasuka na kutoa majani membamba yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Mwanawe alikuwa amesimama kando yake. Akaunyoshea mche kidole, akautaja kwa jina.